Mlima Usiotema Moto
SOMO LETU: UDONGO, MAJI NA NJIA ZA ULUGURU

Ndugu msomaji, ukikaa Morogoro unauona mlima wa Uluguru kila siku. Je, umewahi kuupanda ili ujifunze? Sisi wa kikundi cha kisomo tuliupanda. Tulikuwa watu kumi na wawili, wake kwa waume. Leo tunakueleza tuliyoyaona. Tutakueleza pia jinsi wanne kati yetu tulivyopotea.

Kabla ya safari

Msitu ulio juu ni Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru. Ilitangazwa mwaka 2008, na inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu. Mgeni haingii hivi hivi. Kwanza anapata kibali na kiongozi wa njia. Sisi tulifanya hivyo, tukaanza kupanda alfajiri. Tulipita mashamba ya migomba, mahindi na maharage mpaka Morningside, penye nyumba ya zamani iliyojengwa na Wajerumani. Kutoka hapo njia inaingia msituni kuelekea kilele cha Bondwa, penye minara ya mawasiliano. Bondwa ina urefu wa zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari.

Je, Uluguru ni volkano?

Njiani mama mmoja akauliza, "Hivi mlima huu nao ulitoka moto kama Kilimanjaro?"

Kiongozi akajibu, "Hapana, mama. Huu haukutoka moto."

Akatueleza hivi. Volkano ni mlima unaotokea pale ambapo mawe yaliyoyeyuka kwa joto hutoka chini ya ardhi. Kilimanjaro ni volkano. Mlima Meru pia ni volkano, na mara ya mwisho ulitema majivu mwaka 1910. Ol Doinyo Lengai bado ni hai. Ulilipuka kwa nguvu mwaka 2007.

Uluguru ni mlima wa namna nyingine. Miamba yake ni ya kale sana, ina umri wa zaidi ya miaka milioni 500. Ardhi ilipasuka, upande mmoja ukasukumwa juu, ndipo mlima ukasimama.

Mzee mmoja akasema, "Sawa, lakini mkulima anafaidi nini kwa kujua hayo?"

Basi hapo ndipo penye somo. Majivu na mawe ya volkano yakioza hutoa udongo wenye rutuba nyingi. Uluguru haupati majivu. Udongo wake mzuri ni wa juu tu, na kwenye miteremko mikali ni mwembamba. Umetokana na majani yaliyooza na mawe yaliyomeguka polepole kwa miaka mingi. Mvua moja kubwa yaweza kuuchukua. Ukishakwenda, mjukuu wako hatauona ukirudi.

Tulivyopotea

Wakati wa kurudi, ukungu ulishuka. Sisi wanne tulikuwa nyuma. Tukaona njia ya mkato, tukasema, "Tupite huku, tutawawahi wenzetu." Lakini wapi! Njia ile ikagawanyika mara mbili, kisha mara tatu. Kila moja ilifanana na nyingine. Tukazunguka kama kuku aliyefungiwa ndani. Tuliita, hatukujibiwa. Njia nyingine ziligeuka makorongo marefu kuliko mtu.

Baadaye tukasikia sauti ya jembe. Tukaifuata, tukatokea shambani kwa bibi mmoja. Tukamwamkia, naye akaitika, kisha akasema, "Wanangu, mmefuata njia za mkato. Zile sasa ni njia za maji, si za watu."

Akatuonyesha shamba lake. Katikati palikuwa na korongo. Akatuambia kwamba mwanzo palikuwa na kijia chembamba tu. Watu walipita hapo wakikwepa kona. Mvua ilipokuja, maji yakafuata kijia kile. Mwaka huu maharage yake yote ya upande wa chini yamechukuliwa na maji.

Tulinyamaza kwa aibu. Asubuhi ile, tulipokuwa tukipanda, na sisi tulikata kona mara mbili.

Maji ni ya wengi

Uluguru ni chanzo cha mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa Dar es Salaam. Mto Ngerengere nao huanzia huku, na hupeleka maji katika Bwawa la Mindu kwa ajili ya mji wa Morogoro. Pepo za bahari huleta mvua mlimani. Msitu huyapokea maji hayo, ukayaachia kidogo kidogo hata wakati wa kiangazi. Msitu ukikatwa, maji hushuka yote kwa mara moja pamoja na udongo. Tope hujaa mtoni na bwawani.

Msitu huu pia una viumbe wa pekee. Kuna ndege mwenye tumbo la manjano na mgongo wa kijani ambaye hapatikani popote duniani ila Uluguru.

Wazee wetu walikataa nini?

Mwaka 1955 Waluguru waliipinga serikali ya kikoloni kwa sababu ya matuta. Je, walikuwa hawaupendi udongo wao? Sivyo. Matuta yalikuwa kazi ya kulazimishwa. Tena, yalifukua udongo mbaya wa chini na kufukia ule mzuri. Leo wakulima wa Mgeta wanalima mboga kwenye matuta kwa hiari yao. Basi kazi ya udongo yataka elimu na makubaliano, si amri tupu.

Tufanye nini?

1. Tupite njia moja. Tusikate kona.
2. Kijia cha mkato tukizibe kwa matawi na mawe kabla ya masika.
3. Tulime kukingama mteremko, si kufuata mteremko.
4. Tupande majani ya kukamata udongo kwenye kingo za shamba.
5. Tusilime wala kukata miti kwenye chemchemi.

Kikundi chetu kilirudi kwa yule bibi wiki iliyofuata. Tulibeba mapanga na majembe. Tuliziba njia mbili. Ya tatu bado, maana korongo lake ni kubwa na lataka nguvu za kijiji kizima.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini udongo wa Uluguru ukipotea haurudi upesi?
2. Njia ya mkato hugeukaje kuwa korongo?
3. Katika kijiji chenu kuna njia gani ya namna hiyo? Nani ataanza kuiziba, na lini?