Breki Zinapofeli: Somo kwa Mwenye Gari Lililotumika

Gari la mlaji wa kawaida nchini Tanzania mara nyingi limeshatumika Japani kwa miaka kadhaa kabla ya kushushwa bandarini Dar es Salaam. Kisha hupita mikononi mwa mmiliki wa pili, wa tatu, hata wa nne, na kila mmoja hulitengeneza kwa kadiri ya mfuko wake. Mnunuzi husikiliza injini, hutazama rangi, hujaribu kiyoyozi. Kuhusu breki huuliza jambo moja tu: je, linasimama? Swali hilo halitoshi, kwa kuwa breki iliyochoka huweza kulisimamisha gari vizuri kabisa katika barabara tambarare ya mtaani, ikaja kushindwa mteremkoni.

Sababu yake ni hii. Unapokanyaga pedali, masta silinda husukuma mafuta ya breki kupitia mabomba hadi magurudumuni. Mafuta hayo hayasinyai yanapobanwa, ndiyo maana nguvu ya mguu hufika. Hewa na mvuke husinyaa. Na mafuta ya breki yana tabia ya kufyonza unyevu kidogo kidogo, hata gari likiwa limeegeshwa. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka kabla ya nyuzi joto 205 za Selsiasi. Yakishafyonza maji kufikia asilimia 3.7, kiwango hicho cha chini hushuka hadi nyuzi 140. Dereva anayeteremka Kitonga, au kutoka Lushoto kwenda Mombo, huku mguu wake ukiwa juu ya pedali muda wote, huzipasha breki moto mkali. Mafuta yakichemka, mvuke hujaa ndani ya mfumo na pedali huzama hadi sakafuni. Breki zikipoa hurejea, na fundi anayeitwa saa moja baadaye huapa kwamba hakuna kasoro. Kwa hiyo badili mafuta kila baada ya miaka miwili, ama mapema zaidi iwapo kitabu cha gari kinaagiza hivyo, hata kama pedali haijakulalamikia.

Kabla ya kununua, na baadaye kila mwezi, fanya majaribio mawili yasiyogharimu hata senti. La kwanza: gari likiwa limesimama na injini inanguruma, kanyaga pedali kwa nguvu ya wastani na uishikilie hapo kwa nusu dakika. Ikiendelea kushuka taratibu, kuna mafuta yanayovuja, ama nje, ama ndani ya masta silinda pasipoonekana tone. La pili: zima injini, kanyaga mara kadhaa hadi pedali iwe ngumu, kisha washa injini mguu ukiwa bado juu yake. Pedali inapaswa kulegea kidogo. Isipolegea, kisaidizi cha breki hakifanyi kazi. Tazama pia chombo cha mafuta chini ya boneti. Mafuta yakishuka, ama pedi zimelika, ama kuna uvujaji. Kuongeza mafuta bila kutafuta sababu ni kuahirisha ajali. Pedi iliyobaki milimita 3 ibadilishwe.

Ipo desturi moja ya gereji za mitaani inayostahili kukemewa waziwazi. Gurudumu moja likivuja na spea ikakosekana, fundi huliziba bomba lake na kulirudisha gari barabarani likiwa na breki tatu. Gari la namna hiyo huvutwa upande mmoja kila linapofunga breki kwa ghafla, na barabara ikiwa na maji linaweza kugeuka. Ubaya zaidi, mnunuzi anayekuja baadaye haambiwi. Mwombe fundi wako atazame bomba la kila gurudumu. Asikubali mtu pia kutia maji, mafuta ya injini au ya usukani mahali pa mafuta ya breki: mafuta ya namna hiyo huvimbisha mipira iliyomo ndani, na maji huchemka na kuleta kutu.

Ikiwa pedali imezama ukiwa njiani, usikate tamaa ya kuikanyaga. Magari mengi ya leo yana njia mbili za mafuta zinazojitegemea. Moja ikipasuka, ya pili bado hushika, ingawa pedali itakwenda chini sana na gari litachelewa kusimama. Pampu pedali kwa haraka. Ondoa mguu kwenye mafuta, washa taa za tahadhari, piga honi. Shusha gia moja baada ya nyingine. Katika gari la otomatiki sogeza hadi 2, kisha L. Usiweke gia huru, na usizime injini gari likiwa bado linakwenda kasi, kwani usukani utakuwa mzito, na ukichomoa ufunguo unaweza kujifunga. Breki ya mkono ivutwe polepole huku kitufe chake kikiwa kimebonyezwa, ili uiachie mara magurudumu ya nyuma yanapoanza kuteleza. Penye kupanda, elekea huko. Likisha kusimama, liburutwe hadi gereji, usilijaribu tena.

Kuhusu fidia, tofautisha muuzaji na muuzaji. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, anayefanya biashara ya magari huwajibika kwa ubora wa gari kuliko jirani anayeuza lake moja. Hata hivyo, ukilikagua kabla ya kununua, kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua huwa vigumu kuidai. Aliyekudanganya kuhusu hali ya gari unaweza kumlalamikia Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa Sheria Na. 8 ya mwaka 2003. Malalamiko yanahitaji ushahidi: mkataba ulioandika hali ya breki, risiti ya kila spea, na spea ya zamani yenyewe. Dai ukabidhiwe hiyo kila unapotoka gereji.