Yese na Wanawe Walio Kambini

Somo la mwezi huu. Soma kwanza 1 Samweli 17:12–30.

Ndugu wapenzi, tusomapo sura hii, mara mawazo yetu hukimbilia Goliati na kombeo. Lakini kabla ya kombeo palikuwa na bisi na mikate. Mzee Yese wa Betlehemu alikuwa na wana watatu vitani, nao ni Eliabu, Abinadabu na Shama. Akamtuma Daudi, mdogo wao, awapelekee ndugu zake bisi efa moja na mikate kumi, na jibini kumi kwa akida wao. Tena akamwagiza awatazame hali yao, akarudi na neno la kumjulisha baba kwamba wazima. Katika habari hii fupi tutafakari mambo matatu.

1. Mzigo wa kambini.

Siku 40 Goliati alitokea asubuhi na jioni. Askari wa Israeli walijipanga, wakapiga kelele za vita, kisha wakaogopa na kurudi nyuma. Kumbe mzigo wa askari si mapigano tu. Ni kungoja pia, na hofu irudiayo kila siku.

Jambo hili baba zetu walilijua. Katika vita vya 1939–1945 vijana wengi wa Tanganyika waliingia Keya, yaani jeshi la King's African Rifles, na Wakristo walikuwamo. Tarumbeta liliwaamsha alfajiri. Wakacheza kwata, wakasafisha bunduki, wakapokea posho, wakashika zamu usiku. Mwaka 1943 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipelekwa Ceylon, nchi iitwayo leo Sri Lanka. Mwaka 1944 ikapigana Burma, katika bonde la Kabaw, penye mvua, matope na malaria, hata mwezi wa Desemba ikafika Kalewa, kando ya mto Chindwin. Hebu mfikiri kijana aliyekulia katika migomba ya Kilimanjaro, amelala chini ya turubai linalovuja katika nchi hiyo ya mbali. Usiku moyo wake ulikuwa wapi, kama si kwao?

2. Neno la nyumbani.

Wahenga walisema, barua ni nusu ya kuonana. Lakini barua za askari zilivuka bahari na kupita mikononi mwa wakaguzi wa jeshi. Tena wake na mama wengi hawakujua kusoma. Basi walikwenda kwa mwalimu wa kanisa, naye akawasomea, kisha akawaandikia majibu.

Enyi makatekista, angalieni jinsi kazi hiyo ilivyokuwa kubwa! Mwalimu yule alisikia deni la nyumba, ugonjwa wa mtoto, wivu wa mume, machozi ya mke. Askari aliweza kuagiza sehemu ya mshahara wake ilipwe nyumbani. Basi, aipokee baba au mke? Hayo yote yaliweza kufika mikononi mwa msomaji. Kama alikuwa na ulimi mwepesi, siri ya nyumba ilijulikana kisimani kabla ya jua kuchwa. Kama alitia maneno yake mwenyewe, mume aliyapokea kama maneno ya mkewe. Lakini aliyesoma kwa uaminifu, akaandika lililosemwa wala si zaidi, akanyamaza baadaye, huyo aliitunza ndoa ya watu wawili waliotengwa na bahari.

Na siku zile kazi hiyo ilizidi, kwa maana wamisionari Wajerumani waliondolewa katika usharika nyingi kwa ajili ya vita. Walutheri wa Marekani walisaidia, lakini kazi ya kila siku iliwaangukia wachungaji na walimu Waafrika.

3. Jibu la ukali.

Daudi alipofika, Eliabu hakumshukuru. Alimkasirikia, akamshtaki kiburi. Ndugu, tusishangae. Hofu ya siku 40 ilikuwa imemchosha Eliabu, nayo uchovu mara nyingi huvaa nguo ya hasira. Hata baba zetu waliporudi kutoka Burma, wako waliokuwa wakali au wenye kunyamaza sana, na jamaa wakasema, "Huyu si yule tuliyemtuma." Daudi hakuigombania hasira ya nduguye, alijibu kwa maneno machache, akageuka. Tujifunze kwake. Tusimhesabu mtu kuwa amepotea kwa sababu ya neno moja la ukali.

Leo vijana wetu wamo Jeshini na katika makambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963. Siku hizi simu hufika upesi kuliko barua. Lakini mara nyingi twampigia kijana ili kumwomba fedha tu, au kumweleza uvumi wa kijiji. Yese alituma chakula kwanza, ndipo akauliza hali. Nawe kijana uliye kambini, kumbuka kwamba mzee wako angojea neno lako. Maneno mawili, "Ni mzima," yampa usingizi.

Yese hakujua ya kuwa, kwa kutuma bisi na mikate, alikuwa akimtuma mwokozi wa Israeli bondeni. Aliwapenda wanawe tu, akawafikiria njaa yao. Mengine aliyatenda Mungu. Basi tusidharau salamu ndogo.

Maswali ya kuzungumza:

1. Ni nani wa usharika wetu aliye kambini sasa? Ni nani aliyemwuliza hali mwezi huu?
2. Katekista akipewa siri ya nyumba, afanye nini ili aitunze?
3. Tumpokeeje askari arudiye nyumbani na moyo mzito?