Kupaka Rangi Sanamu Ndogo za Bei Nafuu

Sanamu ndogo za plastiki za michezo ya mezani, zile za askari na mazimwi, siku hizi baadhi huuzwa zikiwa na andakoti tayari. Kijana wa Garsen anayechonga kima kwa mti wa mwembe au mwarobaini hufuata njia hiyo hiyo, ila andakoti hujipakia mwenyewe baada ya kupiga msasa.

Hata yenye andakoti huoshwa kwanza kwa maji ya sabuni, kwani mafuta ya vidole huzuia rangi kushika. Rangi ya maji hupakwa nyepesi mara mbili. Ikiwa nzito huziba macho na vidole. Kwa joto la Garsen hukauka kisahanini upesi, hivyo imiminwe juu ya karatasi iliyotandikwa kwenye kitambaa kibichi. Mwisho, rangi nyeusi iliyozimuliwa sana hupitishwa mikunjoni ili manyoya yaonekane.

Mbega mwekundu wa Mto Tana ana mgongo wa kijivu na utosi wa rangi ya kutu. Mangabei ana kope nyeupe. Wawili hawa hawapatikani penginepo duniani, na mgeni aliyewaona msituni hatanunua sanamu iliyowachanganya.

Kuna pia suala la risasi. Mtoto hutia sanamu mdomoni, na risasi hudhuru ubongo wake. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi sehemu 90 kwa milioni. Kopo kuukuu, au lisilo na alama ya ubora ya KEBS, lisitumike hata likitolewa bure. Vanishi nayo ikaguliwe vivyo hivyo.