Twahara ya Kitambaa cha Jikoni

Haydom ni nyanda za juu. Juni na Julai baridi huchelewesha kitambaa kukauka, na unyevu huzalisha vijidudu. Kitambaa kilichofuta damu ya nyama kikifuta na sahani ya mtoto, kuhara hakuko mbali.

Wapangaji mnaotumia jiko moja, kateni kanga kuukuu vipande. Kila familia itie uzi wa rangi yake. Cha vyombo kisifute meza wala sakafu. Vifueni kila siku kwa sabuni. Mkimaliza kupika na moto ungali mkali, vichemsheni dakika 5. Vianikeni juani, kila kimoja na msumari wake. Vikikauka kabisa, ndipo vihifadhiwe kwenye ndoo yenye mfuniko.

Twahara ni nusu ya imani, na jirani ana haki ya kutodhuriwa na tambara lako.