Mtoto kuchagua chakula: Tatizo ni la mtoto au la wazazi?

NI malalamiko ya kawaida kwa akina mama wengi wa mjini siku hizi. Mtoto hataki mboga za majani, hataki maharage, na samaki anamnusa tu na kumsukuma pembeni. Anachotaka ni chipsi, soseji, biskuti na juisi ya pakiti. Mama akishachoka kubembeleza hutoa shilingi mia tano, mtoto anakimbilia dukani na siku inapita. Baba akirudi jioni anaambiwa kuwa mtoto amekula. Lakini amekula nini?

Ndugu msomaji, swali hilo si dogo. Ili tuone uzito wake, hebu tutazame mkoa wa Ruvuma, hususan Wilaya ya Mbinga na Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Huko si mahali pa njaa. Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayoongoza nchini kwa kuvuna mahindi. Katika milima ya Umatengo wakulima wamepanda mahindi na maharage kwa vizazi vingi kwa kutumia mashimo yao maarufu ya ngoro. Ukiteremka kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, unakutana na Ziwa Nyasa lenye mbasa, magege na dagaa wanaojulikana kama usipa. Muhogo upo, kisamvu kipo, na msimu wa maembe ukifika watoto hujiokotea chini ya miti.

Pamoja na neema hiyo yote, utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionesha kuwa Ruvuma karibu watoto 36 katika kila watoto 100 wenye umri wa chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Kwa nchi nzima walikuwa 30. Ni kweli kwamba hali imepata nafuu, kwani utafiti wa mwaka 2015/16 ulikuta Ruvuma watoto 44 katika kila 100. Hata hivyo, zaidi ya mtoto mmoja katika kila watatu kudumaa kwenye mkoa wenye ghala lililojaa ni jambo la kutufikirisha.

Kudumaa si ufupi wa kuzaliwa nao. Ni mwili kushindwa kukua unavyostahili kwa sababu ya lishe duni na maradhi ya mara kwa mara, na madhara yake hufika hadi kwenye ubongo na masomo. Sehemu kubwa ya madhara hayo hutokea tangu mimba hadi mtoto anapotimiza miaka miwili, na ni vigumu kuyaondoa baadaye.

Sababu ni nyingi: maji yasiyo salama, minyoo, malaria, na mama kuelemewa na kazi za shamba. Lakini ipo moja inayotuhusu hata sisi tunaoishi mijini, nayo ni kudhani kuwa shibe ndiyo lishe. Mtoto anayepewa uji mtupu asubuhi na ugali mwingi wenye mchuzi kidogo jioni anashiba, lakini hapati protini, madini ya chuma na vitamini za kutosha. Mtoto wa Dar es Salaam anayeshindia chipsi na soda naye anashiba, na upungufu wake unafanana na wa mwenzake. Tofauti ni kwamba wa kijijini mara nyingi hakupewa, wakati wa mjini alipewa akakataa, na kukataa kwake kukazawadiwa biskuti.

Hapa ndipo penye kiini cha mada yetu. Ladha hufundishwa. Mtoto huzaliwa akipenda utamu na kukwepa uchungu, na kati ya miaka miwili na sita ni kawaida kwake kuogopa chakula kigeni. Wataalamu wamebaini kuwa huenda mtoto akahitaji kuonjeshwa chakula kipya mara 8 hadi 15 kabla ya kukizoea. Wazazi wengi hukata tamaa mara ya tatu na kutangaza mbele ya mtoto mwenyewe, "Huyu hali mchicha." Naye anakubali kuwa yeye ndiye yule asiyekula mchicha.

Tufanye nini?

Kwanza, tugawane kazi na mtoto. Mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, anafundisha kuwa mzazi ndiye anayeamua chakula gani kiliwe, saa ngapi na wapi. Mtoto anaamua ale kiasi gani. Hivyo basi, asipikiwe chakula chake cha pekee kila anapokunja uso, wala asishindiliwe kwa nguvu. Weka mezani au jamvini walau kitu kimoja anachokipenda pamoja na kile asichokizoea, kisha muache.

Pili, tuache rushwa. "Ukimaliza mboga nitakupa soda" ni somo baya, kwani mtoto anaelewa kuwa mboga ni adhabu na soda ndiyo tuzo. Mwaka 1984 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Leann Birch walichapisha matokeo yaliyoonesha kuwa watoto waliozawadiwa ili wanywe kinywaji cha maziwa walikipenda kidogo zaidi baadaye.

Tatu, tumuache asikie njaa kidogo. Mtoto aliyetafuna kashata, ubuyu na barafu njia nzima akitoka madrasa hawezi kuwa na hamu ya maharage. Awe na saa za kula, na katikati apewe maji na matunda.

Nne, tule pamoja naye. Kula kwenye sinia moja ni desturi nzuri, maana mtoto hujifunza kwa kumuona baba yake akila kisamvu kwa furaha. Lakini mkono wa mtoto wa miaka mitatu ni mzito. Kabla hajafika kwenye kitoweo, wakubwa wamekimaliza. Mdogo awekewe sahani yake pale pale pembeni ya sinia, ili mama ajue amekula nini na kiasi gani.

Tano, tuanzie kwenye chakula anachokipenda. Dagaa wakichambuliwa, wakaoshwa, wakakaushwa vizuri, wakakaangwa bila mafuta na kutwangwa hadi kuwa unga laini, kijiko kimoja kinaweza kuingia kwenye uji au mchuzi. Kwa kuwa dagaa huliwa na mifupa yake, humpa mtoto protini, madini ya chokaa na ya chuma. Maharage yanaweza kupondwa na kuungwa kwa nazi. Kisamvu kitwangwe na kupikwa hadi kiive kabisa, kwani majani mabichi ya muhogo yana sumu. Aidha, tusimpe mtoto chai pamoja na chakula, kwa sababu chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma. Embe au chungwa, kwa upande wake, husaidia.

Hata hivyo, tusimlaumu mtoto mgonjwa. Akikataa chakula ghafla, akipungua uzito au mstari wa kadi yake ya kliniki ukiacha kupanda, apelekwe kituo cha afya. Matone ya vitamini A na dawa za minyoo zinazotolewa kwa watoto kila Juni na Desemba tusizipuuze.

Sisi Waislamu tumezoea kuuliza kama chakula ni halali, na hilo ni jema. Tuongeze swali la pili: je, kinamfaa mtoto huyu? Fedha ya soda na biskuti za wiki moja inatosha kununua fungu la dagaa na mafungu ya mchicha. Ruvuma imetuonesha kuwa ghala kujaa hakutoshi. Kinachokosekana mara nyingi ni mzazi mwenye subira ya kuweka mboga ile ile mbele ya mtoto yule yule kwa mara ya kumi, bila kugomba na bila kuhonga.