Mdogo Wangu Alipojipiga Makofi: Mafunzo Matano Niliyopata

Mdogo wangu ana miaka 24. Ana ulemavu wa akili na kifafa, na maneno anayoyatamka hayafiki kumi. Tangu mama afariki naishi naye mimi, hapa Tanga. Haya nimejifunza kwa kuchelewa.

1. Kujipiga ni kusema. Mwaka juzi alianza kujipiga makofi shavu la kulia. Chapati akazikataa, akataka uji tu, tena uliopoa. Jirani akasema ana shetani. Zahanati nikaambiwa, "Hawa ndivyo walivyo, dada." Wiki sita baadaye daktari wa meno alikuta gego limeoza hadi mzizini, lina usaha. Lilipong'olewa na kidonda kupona, makofi yakaisha. Siku hizi akibadilika tabia ghafla, naanza na tochi kinywani.

2. Ijue dawa anayokunywa. Fizi zake zilikuwa zimefunika nusu ya meno. Kumbe fenitoini, dawa ya kifafa aliyoitumia miaka mingi, hukuza fizi za baadhi ya watu, na ukoga ukizidi nazo huzidi. Sikumkatishia, maana kuacha dawa ya kifafa ghafla huweza kuleta kifafa kisichokatika. Daktari wake ndiye aliyeibadilisha, polepole.

3. Kushika mswaki si kupiga mswaki. Nilikuwa nampa mswaki anautafuna, nami namsifu. Sasa anakaa kwenye kigoda, mimi nasimama nyuma, kichwa chake kinaegemea tumboni kwangu. Naelekeza nyuzi za mswaki pale ufizi unapokutana na jino, mkono wake juu ya wangu. Mpini nimeuvingirisha mpira wa tairi la baiskeli usimteleze. Dawa ya meno iwe na floraidi, asubuhi na usiku, na ya usiku hairukwi. Zamani nikiona damu niliacha; leo najua ufizi unaotoka damu ndio unaodai kusafishwa, kwa upole.

4. Pipi ya kumnyamazisha ina deni. Akilia, pipi; wageni wakija, soda. Tulidhani tunampenda. Kila sukari inapopita, vijidudu vya kinywani hutengeneza asidi inayokula jino, kwa hiyo kuonjaonja kutwa kunaumiza kuliko kitamu kimoja pamoja na mlo. Zawadi yake sasa ni kuzungushwa na bajaji.

5. Safari ya kwanza isiwe ya kung'oa. Siku ya gego watu wanne walimshika. Tangu hapo akiona koti jeupe anakimbia. Ilibidi twende mara tatu bila kutibiwa: akae kwenye kiti, ashike kile kioo kidogo, turudi nyumbani. Tuliomba zamu ya kwanza asubuhi, kabla benchi halijajaa. Mara ya nne akakubali kuhesabiwa meno, moja moja, kwa sauti.

Juzi usiku nilichelewa jikoni. Nikasikia kigoda kinaburutwa. Alikuwa amekileta hadi mlangoni, mswaki mkononi. Akaketi, akanipa mgongo, akafungua kinywa.