Fahamu Ununuzi wa Umma: Kwa Nini Mkulima Aitwe Kabla ya Zabuni

Mahindi yanayopandwa Machi au Aprili kaskazini mwa Bonde la Ufa huvunwa kuanzia Oktoba. Tangazo la zabuni huwa na siku chache tu. Hapo ndipo mkulima mdogo huachwa nyuma, ijapokuwa sheria imemtengea nafasi.

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 inazitaka taasisi za umma, zikiwemo serikali za kaunti, kutenga angalau asilimia 30 ya ununuzi wao kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Nafasi ipo, ila kuitumia ni kazi nyingine.

Chukua chakula cha shule. Mwaka 2009 serikali ilianzisha mpango ambapo shule zilitumiwa fedha zijinunulie mahindi na maharagwe karibu nazo. Mahindi yanayokubalika huwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5, na sumukuvu isiyozidi sehemu 10 kwa bilioni. Masharti haya si ya kuwasumbua watu: mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 mashariki mwa Kenya.

Sasa kikundi cha akina mama kinachosikia masharti hayo wiki ya zabuni kitafanya nini? Mahindi yameshavunwa na kuanikwa juu ya udongo. Yanakataliwa. Dalali anafika na lori, anayachukua kwa bei ya kutupa. Hasara hiyo haiishii kwa mwenye shamba. Kibarua wa kupukuchua hupunjwa ujira, na mtoto hubakizwa nyumbani asaidie kazi.

Kikundi hicho kikiitwa kabla ya kupanda, mambo hubadilika. Wanachama wana miezi ya kuchanga pesa za maturubai, kuazima kipima unyevu na kutafuta ghala la pamoja. Ofisi ya ununuzi nayo hujifunza. Huenda ikagundua kwamba hakuna kikundi kinachoweza kuleta magunia 500 kwa mkupuo, lakini vitano vinaweza kuleta 100 kila kimoja. Sheria inakataza kugawanya zabuni ili kukwepa taratibu. Kuigawa ili makundi haya yaimudu inaruhusiwa.

Kuitwa mapema hakumaanishi kuahidiwa kazi. Kifungu cha 227 cha Katiba kinataka ununuzi wa haki, wa wazi na wenye ushindani. Kwa hivyo kikao na wauzaji hutangazwa kwa wote, na kila mmoja hupewa maelezo yale yale. Kikao cha faragha na muuzaji mmoja ni upendeleo, hata kikifanyika mwaka mzima kabla.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na mpango wa ununuzi huandaliwa kabla ya hapo. Huo ndio wakati wa kikundi kuuliza ni bidhaa gani zitahitajika, kiasi gani na lini. Cheti cha AGPO, kinachohitajika kwa zabuni zilizotengwa, hutolewa na Hazina ya Taifa bila malipo. Anayeitisha pesa ili akupatie ni tapeli.